Mizunguko Hamsini Juu ya Msumari

Mzunguko wa thelathini na saba ulikaa vibaya. Herménégilde aliusukuma kwa ukucha hadi ukabanana na wenzake, akaendelea: thelathini na nane, thelathini na tisa. Mkono wa kushoto ulishika msumari wa inchi nne; wa kulia uliuzungushia waya wa kijivu, polepole, kila duara likigusana na lililotangulia. Mezani palikuwa na msumari mwingine uliokwisha kuvikwa waya unaofanana na huo, rula ya shule, kopo la sadini lililokatwa, sindano ya kushonea, na multimeta ambayo mwenyewe, mwalimu Jean-Marie, alikuwa amekaa kando yake akiilinda kama mtu aliyeazimisha baiskeli.

"Shefu," mwalimu alisema, "hiyo kazi ya kuzungusha waya kwa musumari, banafunzi bangu ba mwaka wa kwanza njo banafanyaka."

"Basi nimeanzia mahali pazuri," Herménégilde akajibu, naye hakupoteza hesabu. Arobaini na nne. Arobaini na tano.

Ilikuwa Jumatano, mwezi wa tatu mwaka elfu mbili, na Uvira ilikuwa katika mwaka wa pili wa vita. Kesho yake saa mbili asubuhi askari wangekuja kumchukua Déogratias, fundi umeme wa Kilibula, kutoka kachoti, mahabusu iliyo nyuma ya ofisi hiyo ya upelelezi. Wengine watatu walikuwa wamechukuliwa hivyo tangu Noeli, na hakuna aliyerudi kudai mkanda wake wala viatu vyake. Vilikuwa bado kwenye kabati.

Shtaka lenyewe liliandikwa kwa mistari minne. Mwezi wa kwanza Déogratias alitengeneza pupineli ya kituo cha afya huko Nyamianda, lile sanduku la chuma linalochoma mikasi na sindano kwa joto kavu ili kuua vijidudu. Mwezi wa pili wazazi watatu walikufa kwa homa baada ya kujifungua, mmoja akiwa mke wa luteni. Komanda, mkuu wa askari hao, akaagiza sanduku lifunguliwe. Mwalimu Jean-Marie akaitwa na multimeta yake, akapima waya unaotoa joto, akakuta ukinzani wake ni omu hamsini na nane mahali ambapo bati la kiwandani liliandikwa arobaini na nane. Akaandika kwamba fundi ametia waya wa aina mbaya. Komanda akaongeza kwa kalamu yake mwenyewe maneno "kwa makusudi". Herménégilde, aliyekuwa ofisa wa upelelezi kabla ya vita na aliyeachwa kwenye kiti chake kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kupanga mafaili, alipewa siku tatu aweke mhuri. Hii ilikuwa ya tatu.

Hamsini. Alibana ncha kwa kidole, akalaza msumari juu ya rula, akainama mpaka pua ikakaribia meza.

"Waya wa sanduku: milimita ishirini na tatu, kasoro kidogo," alisema. "Angalia weye mwenyewe, mwalimu. Sitaki iwe macho yangu peke yangu."

Jean-Marie alivaa miwani, akaangalia, akakubali. Kisha akapima msumari wa kwanza. Huo ulikuwa na waya uliobaki kwenye rolo ya Déogratias, ambao Herménégilde aliukuta jana kwenye karakana yake, ndani ya mfuko wa unga, na jina la sanduku limeandikwa kwenye karatasi iliyofungwa nao. Mizunguko hamsini ya waya huo ilichukua milimita ishirini na tano kamili.

Walipofika hapo mwalimu alijiegemeza kitini kwa starehe. Alieleza kwa sauti ya darasani kwamba mambo yamekwisha: fundi alionyesha waya mnene, akatia mwembamba. Waya mwembamba una ukinzani mkubwa, umeme unaopita ni mdogo, joto ni dogo. Alikuwa amesema kweli katika ripoti yake.

"Uliandika waya wa aina mbaya," Herménégilde alisema. "Hukuandika mwembamba."

"Ni mamoja."

"Tupime, tujue kama ni mamoja."

Aligusanisha ncha mbili za multimeta kwanza, akaandika kile ilichosoma bila waya wowote, sifuri nukta nne, apate kuitoa kila mara. Kisha akanyoosha mita mbili za waya wa rolo mezani, akapima: omu kumi na moja na nukta mbili. Akanyoosha waya wa sanduku, akaweka alama mbili zenye umbali wa mita mbili, akapima katikati yake: kumi na tatu na nukta nne. Alimpa mwalimu karatasi na kalamu, akamwomba apige hesabu yeye, maana yeye ndiye mwenye diploma. Mwenyewe aliisoma fizike katika kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada wala kurasa za mwisho, na mpaka leo hakujua kitabu kile kiliishia wapi.

Mwalimu alipiga hesabu, akaifuta, akairudia. Waya wa sanduku ulizidi ule wa rolo kwa ukinzani mara moja na nukta mbili. Na eneo la ncha yake, ukiukata kama muwa ukatazama, lilikuwa dogo kwa mara hiyo hiyo moja na nukta mbili. Kile ulichoongeza huku ulikipunguza kule. Alipozidisha ukinzani wa mita moja kwa eneo la ncha, waya zote mbili zilimpa namba ileile.

"Ukinzani wa asili ni sawa," alisema, na sauti ya darasani ilikuwa imeshuka. "Madini ni ileile."

"Kwa hiyo aina si mbaya."

"Aina si mbaya," mwalimu alikiri. "Unene njo umebadilika. Lakini, shefu, hiyo haimwokoe Déo. Dukani banauzaka waya ya aina moja, minene na miembamba. Madini ni moja kwa zote. Alinunua mbili, akaweka ule mwembamba. Utajuaje?"

Herménégilde aliinua kichwa. Hilo ndilo swali lililomzuia kuandika tangu jana usiku, naye alifurahi kidogo kulisikia kinywani mwa mtu mwingine. Ukinzani wa asili ungemwambia waya ni wa nini. Usingemwambia umetoka wapi, wala umefanyiwa nini. Alichukua bati la kopo la sadini, ambalo alikuwa amelitoboa kwa ncha ya sindano, akisukuma kidogo kidogo na kujaribu, tundu kubwa kiasi cha kupitisha waya wa sanduku lakini si ule wa rolo. Akampa mwalimu bati, lililopasuliwa kutoka ukingoni ili waya uingie tunduni kwa ubavu, akampa na waya.

"Pitisha. Anzia katikati, uvute kuelekea hii ncha."

Waya uliteleza ndani ya tundu bila shida, mita moja, mbili, tatu. Karibu na mwisho ulikwama. Mwalimu aliuvuta, ukakataa. Zilibaki sentimita tatu tu.

Aliinua ncha ile dirishani. Ilikuwa na alama za meno ya koleo, safu mbili, na sehemu iliyoumwa na koleo ilikuwa nene kuliko waya wote uliofuata. Nene kama wa rolo.

"Hakuna kiwanda kinachouza waya mwembamba wenye kichwa kinene," Herménégilde alisema. "Huu ulikuwa mnene wote. Mtu aliushika hapa akauvuta. Palipokuwa ndani ya koleo hapakuvutika."

Alimwonyesha jambo la pili. Ncha ya upande wa pili ilikunjwa kitanzi kufuata skrubu inavyokaza, mizunguko miwili, kama Déogratias alivyokunja kila waya kwenye kila kifaa alichokigusa mjini. Herménégilde alikuwa amefungua pasi tatu na redio mbili Kilibula kuhakikisha. Hii ya alama za koleo ilikunjwa kinyume, mara moja. Skrubu ikikazwa, kitanzi kama hicho hufunguka.

Jean-Marie alivua miwani. Alisema, kama mtu anayejitetea kwa mke wake, kwamba labda pia umeme wenyewe ulikuwa mdogo. Herménégilde alimfahamisha kwamba aliutazama umeme Jumatatu: ulikuwa mdogo tangu mvua za mwezi wa kumi na moja, na mpaka katikati ya mwezi wa pili hakuna mzazi aliyekufa. Kisha akamwomba hesabu ya mwisho. Njia ya waya ndani ya sanduku, ukiufuata kigingi kwa kigingi, ni mita nane na sentimita sitini na nne. Waya ukivutwa haupotezi kitu. Unachoongeza kwa urefu unakilipa kwa unene. Kabla haujavutwa ulikuwa mrefu kiasi gani?

"Mita saba na sentimita ishirini," mwalimu alisema baada ya kuandika.

"Na Déogratias aliweka nane na sitini na nne, kwa sababu mfupi zaidi usingefika kwenye skrubu. Kwa hiyo mtu ana mita moja na sentimita arobaini na nne za waya ule."

Alimwomba aandike ripoti mpya. Mwalimu aliangalia mlango, akaangalia ukuta ambao nyuma yake mtu alikuwa akikohoa kachotini. Alisema ana watoto sita na shule ni ya serikali, serikali yoyote itakayokuwapo. Multimeta anaweza kuiacha mpaka kesho. Jina lake, hapana. Akatoka bila kuaga, akarudi mara moja kuonyesha jinsi ya kuizima ili betri isife, kisha akatoka tena.

Nyamianda ilikuwa na jua kali. Mama Capitoline, muuguzi mkuu wa kituo, alikuwa akianua mashuka kwenye kamba. Mwanamke wa miaka hamsini, mwembamba, mwenye rozari ya mbao iliyofungwa kiunoni kama funguo. Jana alikuwa amemjibu Herménégilde kwa maneno machache, akidhani amekuja kumtafutia kosa. Leo alimpa kiti.

Herménégilde alitaka kujua walijuaje kwamba sanduku limefikia joto. Kipimajoto na saa ya ukutani, mama alieleza, vilichukuliwa katika uporaji wa kwanza. Akatumia alichokuwa nacho. Chapele tatu, yaani mizunguko mitatu ya rozari, bila haraka, kutoka kuwasha mpaka sanduku lishike moto. Chapele nyingine tatu za kuchoma. Zote sita zilikuwa kama saa mbili, maana alizipima zamani kwa saa ya mfukoni ya padri. Hakuwahi kupunguza hata salamu moja. Hata usiku ule mabomu yalipoanguka Kilibula alimaliza zote sita, amepiga magoti nyuma ya ukuta.

"Na ndani ya sanduku hukuona badiliko lolote?"

Alifikiri. Kisha akasema kwamba kulikuwa na jambo moja zuri. Zamani pamba waliyoitia pamoja na mikasi ilitoka na rangi ya chai na harufu ya kuungua, na nyingine ilibidi itupwe. Mwezi wa pili ikaanza kutoka nyeupe kama ilivyoingia.

"Nilimushukuru Mungu," alisema. "Pamba haiko. Nilisema angalau hii itatufikisha Pasaka."

Herménégilde aliandika. Akauliza tarehe. Aliikumbuka kwa sababu ilikuwa siku moja baada ya Bertrand, mtunza depo, kulitoa sanduku kwenda kulifuta vumbi: Jumanne tarehe kumi na tano ndiyo siku ya kufuta, Jumatano pamba nyeupe. Spès, mmoja wa wale watatu, msichana wa Runingu aliyekimbia na mimba ya miezi minane akilala njiani siku mbili, alizaa tarehe kumi na nane. Alikufa tarehe ishirini na nne. Mtoto yuko kwa shangazi.

Kalamu ilikuwa bado inaandika tarehe ile wakati mama yule alipoelewa. Hakulia. Alishika shanga moja ya rozari, akaiacha.

"Kama ningeongeza chapele mbili," alisema. "Mbili tu, shefu. Ingefika?"

Pengine ingefika. Mwalimu alikuwa ameonyesha kwenye karatasi kwamba joto lilipungua kwa sehemu moja katika sita, na sanduku lililopungukiwa hivyo hufika kwa kuchelewa, likifika. Herménégilde aliligeuza daftari upande wake.

"Weka sahihi hapo chini ya tarehe, mama," alisema.

Bertrand alikutwa ndani ya depo akipanga masanduku matupu ya dawa. Hakuwa mtu mwovu kwa sura. Alikuwa na ndevu chache, shati lililopigwa pasi, na tabia ya kucheka kabla ya kusema. Alicheka, akasema sanduku alilifuta tu. Hakulifungua. "Miye," alisema, "umeme unaniogopesha tangu utoto, hata balbu inabadilishwa na mke wangu."

Herménégilde alimwuliza kama depo ina koleo. Ilikuwa nayo. Aliliomba, akaling'atisha kipande cha sabuni, akalinganisha meno na yale ya kwenye waya. Yalifanana, lakini koleo nyingi za mjini zilitoka kwenye katoni moja ya Bujumbura, na alilisema hilo kwa sauti ili Bertrand asikie kwamba hatabambikiwa. Bertrand akacheka tena, nafuu ikimwingia usoni.

"Ulikata mita moja na sentimita arobaini na nne," Herménégilde alisema.

Kicheko kilikatika.

"Nilipima moja na nusu," Bertrand alisema. Kisha akakaa juu ya sanduku, na sanduku, kwa kuwa tupu, likabonyea chini yake.

Baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa. Jumanne ile saa nane mchana walikuja askari wanne na resho, jiko la umeme la nyumbani kwa Komanda. Sehemu ya waya wake ilikuwa imeungua. Walitaka iwe inawaka saa kumi, na walijua kituo kina fundi kwa sababu pupineli ilitengenezwa majuzi. Aliwaambia fundi ni wa Kilibula. Walisema Kilibula ni mbali.

"Mumoja alilala na buti juu ya kitanda ya bazazi," Bertrand alisema. "Hakusema kitu. Alikuwa anatoa tu risasi kwa bunduki moja moja, anapanga juu ya mto, anarudisha. Anatoa tena. Weye ungefanya nini?"

Alifungua sanduku, akakata kipande, akakiunga kwenye resho. Askari wakaondoka wakimwita fundi. Kisha akajaribu kurudisha waya wa pupineli, ukapunguka; haukufika kwenye skrubu ya mwisho. Basi akafunga upande mmoja kwenye chuma cha dirisha, akaushika mwingine kwa koleo, akavuta kwa uzito wa mwili wake. Waya ulikuwa laini, umekwisha kupigwa moto wiki nyingi. Ulikuja polepole kama kamasi, alisema, mpaka ukatosha. Akauzungusha kwenye vigingi, akawasha. Ukawa mwekundu.

"Kwa macho ilikuwa sawasawa. Nilisema waya ni waya. Urefu iko, wekundu iko. Nini tena?"

Herménégilde alimweleza, bila kupandisha sauti, kwamba kama angeukata na kuhamisha skrubu ije karibu, bila kuuvuta, sanduku lingepata joto zaidi ya mwanzo. Ubaya haukuwa katika kukata. Ulikuwa katika kuvuta ili ionekane hakuna kilichokatwa. Bertrand alimtazama kama mtu anayengoja aambiwe kwamba ni mzaha.

Herménégilde aliandika maelezo ya Bertrand, akamsomea. Bertrand alisikiliza mpaka neno "askari wanne", akainua mkono.

"Toa hiyo."

"Ndivyo ulivyosema."

"Andika niliiba. Andika niliuzisha ku soko."

"Hakuna anayenunua mita moja na nusu ya waya huo sokoni. Wataniuliza jina la mnunuzi."

"Shefu, mwizi banamufunga. Muntu anataja resho ya Komanda, banamufanya nini?" Hakungoja jibu. "Na Déo, kama munamwachilia, munamwachilia kwa jina langu. Weye unajua hivyo?"

"Najua. Ndiyo maana sitaki karatasi yako iende peke yake. Nakitaka kile kipande. Kikiwa na unene wa rolo na urefu uliosema, basi anayesema ni waya, si wewe."

"Waya haina bibi na batoto," Bertrand alisema. Lakini mara ya tatu aliposomewa alisaini, herufi zikipanda na kushuka. Kisha akauliza kama anaweza kurudi kazini, maana mama Capitoline anahitaji masanduku kabla ya jioni. Herménégilde alimruhusu. Kwa utaratibu alipaswa kumfunga, lakini kachoti ilikuwa na mlango mmoja, na watakaoufungua asubuhi hawangejisumbua kuuliza nani ni nani.

Nyumba ya Komanda ilikuwa ya mfanyabiashara aliyekimbilia ng'ambo ya ziwa, yenye veranda inayotazama maji na mifuko ya mchanga iliyofunga nusu ya madirisha. Mlinzi alimjua Herménégilde kwa mafaili yake, akampeleka nyuma bila maswali. Komanda alikuwa uwandani, upande wa Runingu, angerudi jioni na njaa.

Jikoni alikuwapo Gloriose, mpishi, mwanamke mnene aliyekunja mikono ya blauzi hadi begani. Herménégilde alimwamkia kwa Kirundi, akajibiwa kwa Kirundi, naye akaona bega la mama yule likishuka kidogo. Alisema anahitaji kupima waya wa resho. Dakika ishirini.

Gloriose alimwonyesha kwa kidevu. Resho ilikuwa juu ya meza ya saruji na sufuria kubwa juu yake, kifuniko kikicheza kwa mvuke.

"Maharagi ya Komanda," alisema. "Niliitia saa sita. Haijaiva. Nikiizima sasa itakuwa migumu, naye anajuaka maharagi iliyozimwa."

"Mama, ni jambo la mtu."

"Kila mutu anayekuya hapa ni jambo la mutu." Alikoroga, akaonja moja kwa meno, akalitema kwenye kiganja. "Ikiiva, nitatia maji ya kuoga. Kisha chai yake. Inazimwa wakati analala. Kuya kesho saa kumi na mbili, mbele sijawasha. Itakuwa baridi, utaishika na mikono."

Alimwomba basi ainue sufuria, kwa muda wa kuhesabu kumi tu. Gloriose alitazama mlango, akaiinua kwa kitambaa. Chini yake waya uliosokotwa kama springi ulizunguka ndani ya mfereji wa udongo, mwekundu wa kung'aa. Karibu na ukingo, kwa urefu wa kama robo ya duara, ulikuwa umefifia, wekundu wa damu ya zamani, na pande zote mbili za sehemu hiyo palikuwa na fundo lililosokotwa kwa koleo. Waya mnene kati ya mwembamba hupata joto kidogo kuliko jirani zake. Herménégilde aliuona kwa kuhesabu saba. Kwenye nane sufuria ilirudi.

Kuona si kupima. Mtetezi yeyote wa Komanda angesema ni vumbi, ni maharagwe yaliyomwagika. Alishukuru, akasema atakuja saa kumi na mbili.

"Nimwambie Komanda ulikuya kutafuta nini?" Gloriose aliuliza, mgongo wake umegeuka.

Herménégilde alikuwa amefika mlangoni. Hakuwa amewahi kumwomba shahidi kudanganya.

"Akikuuliza, mwambie kweli," alisema.

"Basi tuombe asiulize," mama yule akasema, akaongeza chumvi.

Alirudi ofisini kabla ya saa ya kutotembea. Aliandika ripoti safi kwa mkono, kwa Kifaransa, na vipimo vyote katika safu: urefu, mizunguko hamsini, ukinzani wa mita mbili. Waya wa rolo. Waya wa sanduku. Akaandika mstari wa tatu, "Kipande kilichokutwa nyumbani kwa", akakamilisha jina na cheo bila kufupisha, na mbele yake akaacha nafasi tatu tupu. Kutoka saa kumi na mbili mpaka saa mbili ni muda wa saa mbili. Kufungua resho, robo saa. Kufungua mafundo, kunyoosha, kupima, nusu saa. Kurudi kwa miguu, dakika arobaini. Aliweka koleo, rula na multimeta ndani ya mfuko, akakagua kama multimeta imezimwa.

Nje, kwenye ngazi, Consolate alikuwa amekaa na sahani tupu iliyofungwa kwa kitambaa. Mke wa Déogratias alileta chakula kachotini kila siku asubuhi na saa sita, kama wake wote walivyofanya, kwa kuwa serikali haikuwa na chakula cha mfungwa. Alisimama alipomwona.

Hakuuliza habari ya kesi. Alisema tu kwamba kwake pamebaki unga wa kupika mara moja, na jirani angeweza kumwazima wa mara ya pili, lakini lazima amwambie jioni hii, kabla jirani hajausonga.

"Kwa hiyo niko nauliza, baba. Kesho nilete ya asubuhi, ao nilete ya siku yote?"

Herménégilde alihamisha mfuko kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kabla ya saa sita Déogratias angekuwa nyumbani, au angekuwa amekwisha kuchukuliwa.

"Lete ya asubuhi, mama," alisema. "Ya saa sita, usimwambie jirani kitu kwanza."

Consolate aliitikia kwa kichwa, akakaza fundo la kitambaa, akaondoka akifuata ukuta.